Kwa mnaotaka kufuga golden retriever hapa Dar: miaka minne na Tui, niliyoyaona

Mama_Tui (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kila nikiweka picha ya Tui napata ujumbe wa watu wanaoulizia mbwa kama yeye. Wengi wananiambia wanataka mbwa mzuri wa rangi ya dhahabu awalindie nyumba. Hapo roho inaniuma, maana najua huyo mbwa atakwenda kufungiwa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba mchana kutwa, kisha saa nne usiku afunguliwe azunguke geti peke yake. Nimeona niandike ninayoyajua, anayeamua aamue akiwa macho. Uzi ni mrefu, vuteni viti.

Naishi Kimara. Tuna ukuta, geti, uwanja wa wastani na miembe miwili. Nyumbani tupo mimi, mume wangu, watoto wawili na mama yangu mzazi. Tui ni jike, ana kilo 28. Tulimwita hivyo kwa sababu siku anafika alikuwa na rangi ya tui la kwanza, lile zito kabla hujaongeza maji. Sasa amekolea, hasa mgongoni, amekuwa kama chai ya maziwa. Ukitaka kujua mtoto wa golden atakuwa na rangi gani ukubwani, mtazame masikio: mwili unakuja kuyafuata.

Nianze na hilo la ulinzi. Hawa mbwa asili yao ni Scotland, kwenye shamba la Guisachan la bwana mmoja aitwaye Dudley Marjoribanks, ambaye baadaye aliitwa Lord Tweedmouth. Mwaka 1868 dume lake la njano, Nous, na jike aliyeitwa Belle, wa aina ya mbwa wa majini ambayo leo haipo tena, walipata watoto wanne, na ukoo ukaanzia hapo. Kazi waliyowazalishia ni moja: mwindaji akipiga bata akaanguka majini au porini, mbwa amfuate, ambebe mdomoni bila kumtoboa, amlete mpaka mkononi mwa mtu. Vizazi na vizazi wakachaguliwa wale wenye mdomo laini, wanaopenda maji, wanaosikiliza watu na wasiogombana na mbwa wala wageni. Mbwa wa namna hiyo ukimtaka awe mkali unamtaka awe mbwa mwingine.

Tui akisikia geti anabweka mara mbili tatu, na sauti yake ni nzito, mtu asiyemjua anaweza kusita. Ila fundi bomba alipokuja mara ya kwanza, Tui alikimbia ndani, akatoka na kandambili ya mume wangu mdomoni, akaenda kuiweka miguuni pa yule fundi na kukaa kumtazama usoni. Huyo ndiye golden. Kama usalama ndio shida yako, weka taa na mlinzi, au tafuta aina nyingine ya mbwa na mtu wa kumfundisha.

La pili, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni upweke. Miezi ya mwanzo tulikuwa tunatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kukimbizana na foleni ya Morogoro Road, tunarudi saa moja usiku. Chakula tunamwachia, maji tunamwachia, kivuli kipo. Tukadhani tumemaliza. Akachimba chini ya mwembe mpaka mizizi ikaonekana. Kisha akaanza kujilamba mguu wa mbele, mahali pamoja, kila siku, mpaka manyoya yakaisha na kikatokea kidonda cha ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo nikiamini ni fangasi. Alimkagua ngozi yote, akaniuliza swali moja: "Mchana anakaa na nani?"

Mwaka ule ule mama alihamia kwetu kutoka Lushoto. Mama kwa maisha yake yote mbwa alikuwa wa nje, wa kubwekea nyani shambani. Wiki ya kwanza alikuwa anamfukuza na kitambaa. Leo hii mama akikaa kibarazani kuchambua mchele, Tui analala na kidevu juu ya mguu wake, mama akihama kufuata kivuli, Tui naye anahama. Kile kidonda kilifunga ndani ya wiki tano. Dawa tuliyopaka ilisaidia, ila naamini kilichomponya ni ule mguu.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, jiulize nyumbani kwako mchana kuna nani.

Fundi_Aluminiamu

Mkuu asante kwa uzi. Joto je? Mbwa wa Scotland na Dar ya Januari wapi na wapi. Si bora mumnyoe tu manyoya yote apate hewa?

Mama_Tui

Mkuu umegusa penyewe, hapa nitakaa kidogo.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, ana kidogo tu kwenye nyayo. Kupoa kwake ni kuhema: unyevu wa ulimi na wa njia ya hewa unakauka, unaondoka na joto. Sasa hewa ya Dar kuanzia Desemba mpaka Machi imejaa unyevu. Unajua ile siku unaanika nguo asubuhi na jioni bado zinanata? Siku kama hiyo mate ya mbwa nayo hayakauki. Anahema tu na joto linabaki ndani. Mimi siangalii kipimajoto, naangalia kamba ya nguo.

Mwaka wa kwanza, mwezi wa pili, mwanangu wa kiume alirudi shule akaanza kumrushia mpira saa tisa alasiri. Golden hajui kukwambia amechoka. Ukirusha atafuata, ukirusha tena atafuata, mpaka aanguke. Nilipotoka nje ulimi ulikuwa umetanuka mbele kama kijiko, fizi nyekundu iliyoiva, mate mazito yananing'inia, na alipotaka kuja kwangu miguu ya nyuma ikapishana. Tulimvuta kivulini, tukammwagia maji ya kawaida ya bomba tumboni, kwapani na miguuni, tukamwekea feni, kisha tukaingia kwenye gari huku dada wa kazi akiendelea kummwagia kwa kopo. Kwa daktari joto lilikuwa bado juu ya 40. Mbwa mzima anakuwa kwenye 38 mpaka 39 na kidogo, akifika 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Alipona. Jambo la kukumbuka: usimfunike na taulo lililolowa ukaliacha juu yake, linapata moto na kuziba hewa. Mmwagie maji yatiririke, upepo umpige.

Tangu siku hiyo matembezi ni saa kumi na moja alfajiri na saa moja usiku. Hata jioni naweka kwanza mgongo wa mkono juu ya lami, nahesabu mpaka saba. Nikishindwa kuvumilia, naye hatembei hapo. Mchana analala kwenye vigae vya korido. Umeme ukikatika tunamwaga maji kidogo sakafuni analala hapo hapo.

Kunyoa, hapana. Golden ana manyoya ya tabaka mbili. La chini ni laini kama pamba, la juu ni marefu na yana mafuta kidogo. Tabaka la juu linafanya kazi ya makuti kwenye banda: linazuia jua lisifike kwenye ngozi. Ukinyoa umeezua paa. Ngozi inaungua, na kuna wengine yakiota tena yanaota mabaka mabaka na kujisokota. Kinachompa hewa ni kulitoa lile la chini kwa kitana.

Na hayo manyoya ni kazi kweli. Vitabu vinasema hupukutika sana mara mbili kwa mwaka, lakini Tui kwa hali hii ya hewa anapukutisha mwaka mzima. Kila Jumamosi naketi naye kibarazani na kitana cha chuma. Naanza nyuma ya masikio, yanapojisokota vifundo vidogo vigumu kama mbegu za ubuyu, kisha mapajani, kisha mkia. Nikimaliza pembeni yangu kuna lundo lingetosha kujaza mto wa mtoto. Bado utayakuta kwenye kochi, kwenye suti ya mume wako, ndani ya friji. Mtu ambaye unywele mmoja kwenye kanzu unamharibia siku, huyu mbwa hamfai.

Mwana_Kigamboni

Dada, mimi na familia yangu ni Waislamu. Watoto wananisumbua wanamtaka sana, mke wangu hataki hata kusikia. Unanishauri nini?

Mama_Tui

Kaka, nitakujibu kwa heshima kwa sababu hili naliishi. Jirani yangu tunayegawana ukuta ni Mwislamu, dada mmoja mtu mwema sana. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi huku pwani, mate na unyevu wa mbwa ni najisi, na pakiguswa panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ukishalijua hilo unaelewa kwamba mbwa mwenye furaha anayeruka kumlamba mgeni ni shughuli nzito kwa mtu aliyekwisha kutawadha.

Kwa hiyo Tui anawekwa nyuma ya mlango wa jikoni kabla jirani hajaingia, siyo baada. Kwenye matembezi sipiti mbele ya msikiti wakati watu wanakwenda kuswali. Kamba haitoki mkononi. Tumeishi vizuri mpaka leo, na wakati wa Idd sahani ya pilau inavuka ukuta.

Kwako wewe lakini jambo ni tofauti, mbwa atakuwa ndani ya nyumba ambayo mkeo anaswali. Golden hawezi kuishi nje mbali na watu akawa sawa. Kama mkeo hataki, usimlete. Mwisho wa siku atateseka mkeo, na mbwa naye atateseka.

Mwana_Kigamboni

Nimekuelewa dada. Nashukuru kwa kunijibu kwa uwazi.

Mpishi_wa_Tabata

Vipi kuhusu chakula? Huku kwetu mbwa anakula makombo na anadunda. Lazima vile vya mifuko?

Mama_Tui

Siyo lazima, mkuu, ila makombo yetu yana shida moja ambayo wengi hawaijui: vitunguu. Mchuzi wetu gani unaanza bila kitunguu? Maharage, rosti, pilau, vyote. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, kinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na madhara yanajikusanya taratibu. Vitunguu saumu vilevile. Chokoleti na zabibu ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha, inatoboa utumbo.

Sisi tunachanganya. Asubuhi chakula cha mfuko, jioni mama anampikia: ugali wa dona au wali, dagaa waliolowekwa na kuoshwa mchanga wote, maboga au karoti, bila chumvi. Kwa anayelisha cha mfuko peke yake, golden mkubwa anakula kama gramu 350 mpaka 400 kwa siku, kwa hiyo mfuko wa kilo 15 unakwenda kama siku 40. Pigia hesabu yako hapo, uzidishe kwa miaka yote atakayoishi.

Unga naomba tuwe makini. Kuna watu wananunua mahindi yaliyooza au pumba zenye ukungu eti ni za mbwa. Sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haionekani, haitoki kwa kupika, na inaua ini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mbwa naye ana ini. Unga usioula wewe usimpe.

Kingine, golden ana njaa isiyoisha. Amekula sasa hivi, dakika mbili baadaye anakutazama kama hajaona chakula tangu juzi. Mama alikuwa anadanganyika, Tui akafika kilo 33 na kuanza kupanda ngazi kwa shida. Mbwa hawa nyonga na viwiko vyao ni dhaifu kwa ukoo, kila kilo ya ziada inakaa juu ya hivyo viungo. Mpapase ubavuni: mbavu uzisikie kwa vidole bila kubonyeza. Ukibonyeza ndipo uzipate, punguza. Na mtoto anayekua usimrundikie vidonge vya kalsiamu kwa kudhani unamjenga mifupa. Kwa mbwa wakubwa kama hawa kalsiamu ikizidi inaikorofisha mifupa inapokua.

Kijana_wa_Sinza

Mkuu niunganishe na muuzaji. Nimeona ukurasa mmoja wanauza watoto wa wiki tano, bei nafuu, wanaleta mpaka mlangoni kwa bodaboda.

Mama_Tui

Mdogo wangu, soma hii yote kabla hujatuma hela.

Tui hakuwa wa kwanza. Kabla yake tulinunua mtoto wa kiume kwa namna hiyo hiyo unayoieleza. Muuzaji simtaji. Alikuja kwenye boksi la maji ya chupa, ana wiki tano, tuliambiwa ameshachanjwa. Kadi itafuata. Siku ya tatu akaacha kula. Siku ya nne akatapika povu la njano, usiku akaanza kuharisha damu, harufu yake sijaisahau mpaka leo. Ilikuwa parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Daktari alimtundikia dripu siku mbili, binti yangu akimwimbia pembeni. Akafa alfajiri ya siku ya sita tangu afike kwetu. Hata jina lilikuwa halijamzoea.

Wiki tano ni mapema mno. Mtoto anahitaji angalau wiki nane na mama yake, maziwa yapo, na ndiyo muda anaofundishwa na ndugu zake kwamba kuuma kunauma. Chanjo za parvo, homa ya mbwa na homa ya ini huanza akiwa na wiki sita mpaka nane, zinarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Kichaa cha mbwa ni akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mpaka amalize hizo za mwanzo asikanyage mtaani. Mzoeshe sauti za mtaa ukiwa umempakata: bajaji, adhana, magari ya matangazo.

Kirusi cha parvo kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Tulisugua sakafu kwa jiki iliyochanganywa na maji, tukachoma boksi na matambara, uwanja tukauacha. Tulisubiri mwaka na miezi miwili kabla ya kumleta Tui.

Kwa hiyo nenda mwenyewe ukamwone mama yao, na kama inawezekana na baba. Kama mama "yupo shamba", ondoka. Kuna watoto wengi wa mchanganyiko wanauzwa kama golden. Mchanganyiko si dhambi, mbwa wetu wa kienyeji wanastahimili joto kuliko Tui, lakini usilipie kitu ambacho siyo. Uliza kama wazazi walipigwa picha ya eksirei ya nyonga. Angalia kadi ya chanjo ina stika ya chupa, tarehe na mhuri wa daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Muuzaji akikasirika kwa maswali hayo, amekujibu.

Kijana_wa_Sinza

Dah, pole sana dada. Nimefuta ile oda. Naishi chumba na sebule, natoka saa kumi na mbili narudi saa mbili usiku. Kwa ulichoandika juu, naona jibu langu ninalo.

Mama_Tui

Asante mdogo wangu. Ukija kuwa na nafasi na watu nyumbani, wapo tu.

Nimesahau kupe, na Dar huwezi kusahau kupe. Yule wa kahawia wa mbwa anaishi hata ndani ya nyumba, kwenye nyufa za ukuta na nyuma ya pazia, na jike mmoja anataga mayai maelfu. Kwenye manyoya ya golden humwoni, unamtafuta kwa ncha za vidole. Kila jioni napita katikati ya vidole vya miguu, ndani ya sikio, chini ya kola, kwapani. Ninayemkuta namng'oa kwa kibano karibu kabisa na ngozi, namtumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni ya kopo, usimpake mbwa. Na ile dawa ya kuogeshea ng'ombe, watu wanaikadiria kwa kizibo, mbwa wanakufa. Nenda ukapewe dawa ya mbwa kwa uzito wake. Ukiona fizi zimepauka, damu inatoka puani au mkojo una rangi ya kahawa, usisubiri kesho. Hayo ni magonjwa ya kupe na yanatibika yakiwahiwa.

Masikio pia. Yamelala, ndani kuna joto na unyevu, na golden hawezi kuacha maji. Tukienda ufukweni Mbezi Beach kabla jua halijachomoza anaingia baharini mpaka nimwite mara kumi. Anaogelea mkia umenyooka nyuma kama usukani. Tukirudi namsuuza chumvi yote kwa maji baridi, nakausha masikio kwa pamba mpaka ndani ninapopaona, basi. Nanusa. Sikio zima halina harufu. Likianza kunuka kama unga wa mandazi uliolala, kesho yake tuko kwa daktari.

Bibi_Upanga

Mwanangu nimesoma yote. Mimi nilikuwa na golden dume, alikuja kwetu mjukuu wangu wa kwanza anatambaa. Watoto walikuwa wanamvuta mkia, wanamlalia, hakuwahi hata kuonesha jino. Alipofika miaka tisa asubuhi moja alikataa chai yake ya maziwa, akalala, fizi nyeupe kama karatasi. Daktari akasema uvimbe kwenye wengu umepasuka. Jioni hatukuwa naye. Waambie vijana na hilo, mimi sikuambiwa.

Mama_Tui

Shikamoo mama. Pole sana, na asante kwa kulileta, mimi nilikuwa nalikwepa.

Ni kweli, golden wanaishi miaka 10 mpaka 12, na saratani inawapata kuliko mbwa wa aina nyingi. Kule Marekani taasisi ya Morris Animal Foundation inafuatilia golden zaidi ya 3,000 tangu 2012, maisha yao yote, kutafuta sababu. Uvimbe wa wengu au wa moyo unaweza usionekane kabisa mpaka unapopasuka. Mimi kila Jumamosi nikimchana nampapasa mwili mzima, shingoni, kwapani, tumboni, nyuma ya magoti, kuona kama kuna donge geni. Tumboni ndani kabisa vidole havifiki, ndiyo maana mara moja kwa mwaka anapigwa picha ya tumbo.

Hapo hapo nijibu waliouliza faragha juu ya kuhasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa mwaka 2013 utafiti wa rekodi za golden 759. Waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka walipata matatizo ya nyonga na magoti zaidi. Tui tulisubiri. Zungumza na daktari wako, usikimbilie miezi sita kwa sababu jirani alifanya hivyo.

Na kwa watoto, mama, ni hivyo hivyo kwetu. Ila mbwa yeyote anaweza kuuma akiumia au akishtuliwa usingizini. Wanangu wanajua Tui akiwa anakula au amelala haguswi. Na mbwa yeyote wa mtaani akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili hakina tiba.

Bibi_Upanga

Marahaba mwanangu. Tui mpe salamu zangu.

Dereva_Masaki

Wakuu, nimechelewa uzi. Bosi wangu ni mgeni, anarudi kwao mwezi ujao, ana golden dume miaka mitatu, hawezi kumsafirisha. Ameniambia nimchukue bure. Nakaa Goba, mke wangu ana genge pale pale nyumbani, watoto watatu. Mbwa ananijua, huwa nampeleka kwa daktari mimi. Kibanda nimeshajenga, cha mbao, kina mlango na kufuli.

Mama_Tui

Kaka, katika wote walioandika hapa wewe ndiye wa kwanza ambaye nasema mchukue. Anakujua, mkeo yupo nyumbani, watoto wapo.

Mwombe bosi kadi ya chanjo, jina la dawa ya kupe anayotumia na tarehe ya mwisho kumpa, na chakula chake cha wiki mbili ili umbadilishie kidogo kidogo. Muulize analala wapi sasa hivi. Kama amezoea chumba chenye kiyoyozi, usimhamishie kwenye joto la Desemba kwa mkupuo. Aanze kuzoea feni na sakafu sasa. Omba na kitu chochote chenye harufu ya nyumba ile, shuka au fulana kuukuu, kisifuliwe.

Wiki ya kwanza atakaa getini akisikiliza gari la bosi. Kula atakula kidogo. Usimkemee, kaa naye hapo getini hata dakika kumi ukitoka kazini. Ikifika siku amekuletea kiatu chako, ujue amehamia.

Kile kibanda kitoe mlango. Na usiku mwekee mkeka karibu na mlango wa jikoni, awe anasikia mnavyopumua.